Bibi wa Miaka Tisa

Kwenye matanga ya mjomba wangu Wilondja, kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mchungaji alisimama chini ya turubai akasema marehemu alikuwa mtu aliyependa watoto. Watu wakaitikia amina. Mimi nikaweka kikombe cha chai chini, nikainuka, nikatoka, na kama kuna waliosema Riziki amekuwa mtu wa mjini hana tena adabu ya msiba, waseme. Nilisimama nyuma ya nyumba karibu na masufuria ya maharage, na hasira yangu ya miaka karibu thelathini. Nabulizi, binti yake, akanifuata. Macho yalikuwa yamemvimba, na lile kovu lake juu ya jicho la kushoto lilikuwa limewiva, kama linavyofanya kila akilia. "We Riziki, rudia ndani, bantu banaangalia," akasema. Nikamwambia sikai pale kusikiliza uongo. Akasema, "Alikuwa baba yangu." Nikamjibu kwamba kwa miaka tisa baba huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake yeye. Akacheka na machozi yake yale yale, tukakaa juu ya kuni mpaka mchungaji alipomaliza. Niliporudi kwangu Area 25, mjini Lilongwe, nikaanza kuandika haya, na Nabulizi ameniruhusu.

Nilifikaje kwa mjomba, hilo nalipita. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wazazi sikuwa nao, inatosha. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha ndani walilala mjomba na mkewe, Mama Estela. Cha mbele kiligawanywa kwa pazia la kitenge: upande mmoja nililala mimi chini kwenye mkeka na Nabulizi juu kitandani, upande wa pili alilala Echa, kijana wa miaka ishirini hivi, aliyekuja peke yake kutoka Uvira na kuwa fundi wa pili wa mjomba. Kibarazani kulikuwa na cherehani mbili, ya mjomba na ya Echa, pasi ya mkaa, na meza ndefu ya kukatia nguo. Siku nzima nyumba ilinuka mkaa na kitambaa kipya. Mpaka leo nikipita dukani mahali wanapokata kitenge, mgongo wangu unakakamaa kabla sijajua kwa nini.

Mtu akiniuliza kwa watu wetu mtoto ni nani, sitamtajia umri. Mtoto alikuwa ni yule anayepigwa. Tulipigwa na wazazi, tukapigwa na jirani, tukapigwa na shemasi wa kanisa kwa kusinzia, na mwanamke usiyemjua kwenye foleni ya bomba aliweza kukuchapa kofi halafu akakuuliza wewe ni wa nani. Hakuna aliyeona ubaya. Kupigwa kulikuwa alama kwamba una wenyewe. Yule asiyepigwa na mtu ndiye aliyehurumiwa, maana yake hana kwao. Nilichapwa kwa fimbo ya mpera, kwa mkanda wa cherehani uliokatika, kwa ndara, na mara moja kwa rula ya chuma ya kukatia nguo, iliyonipasua nyuma ya goti. Siwezi kujifanya mtakatifu hapa: wanangu mwenyewe niliwachapa walipokuwa wadogo, na mkono wangu uliijua njia bila kufundishwa. Kila nikimaliza nilikwenda kukaa chooni nikajichukia, kisha nikatoka nikapika.

Nabulizi hakupigwa. Hata kofi, hata kufinywa. Yeye alibeba jina la mama yake mjomba, aliyefia njiani wakati wa kukimbia vita, na kwa mjomba jina halikuwa jina tu. Yule mtoto alikuwa mama yake, amerudi. Kumpiga ni kumpiga mama, na anayempiga mama yake mzazi mikono yake inakauka, hilo kila mzee wa kwetu alilijua. Kwa hiyo kila asubuhi mjomba, mwanamume mwenye ndevu na sauti ya kwaya, aliinama mbele ya kitanda cha mtoto wa miaka tisa akasema, "Jambo mama. Umelala namna gani?" Naye Nabulizi akajibu alivyofundishwa, "Nimelala muzuri, mwana wangu." Wageni wakija alikaa kwenye kiti, mimi mkekani. Kuku akichinjwa firigisi ilikuwa yake. Hakuruka kamba, hakukimbia, hakuteka maji, kwa sababu mwanamke mzima haruki kamba mbele za watu. Alikaa tu kibarazani na kijikitenge chake, miguu haifiki chini, akiwaangalia watoto wengine wakipita na vumbi lao.

Aliyekuwa na taabu ya ajabu zaidi ni Mama Estela. Aliitwa kwa jina lake mwenyewe, hakuna mtu aliyemwita Mama Nabulizi, kwa kuwa mtoto aliyemzaa alikuwa mkwe wake. Mjomba na mkewe wakigombana kuhusu chumvi au maneno ya kanisani, mjomba hakumaliza na mkewe. Alikwenda kwa Nabulizi. Nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba niliwasikia. "Mama, ona mukamwana wako vile ananijibu. Umuambie." Kisha sauti nyembamba ya Nabulizi: "Estela, usimujibu mwana wangu vile." Na Mama Estela, aliyekuwa na ulimi, akasema, "Ndiyo mama mukwe," kwa namna iliyonifanya niinamie sombe nisicheke. Lakini siku moja nilimkuta amemshika yule mtoto jikoni, amemkumbatia kwa nguvu, uso ameuficha kwenye nywele zake, haraka haraka kama mtu anayeiba. Aliponiona akamwachia, akaanza kukoroga uji.

Basi bibi akikosa, nani apigwe? Nilipigwa mimi. Mjomba alikuwa na hesabu yake na aliiona ni haki kabisa: mimi nilikuwa mlinzi wa Nabulizi. Nabulizi alivunja sahani, mjomba akaniita. "Juu ya nini uliacha mama abebe sahani?" Nikasema sikuwa karibu. "Njo maana! Juu ya nini haukukuwa karibu?" Na fimbo ikaanza. Nabulizi alikaa kwenye kiti chake akiangalia, mikono imeshika mbao, na hakulia, kwa kuwa alifundishwa bibi halii ovyo. Usiku aliteremsha mkono kutoka kitandani akanipapasa kichwa. Aliyenisaidia mchana ni Echa. Mjomba akizidisha, Echa alisimamisha cherehani yake akaita, "Papa, kliyan amefika!" Mjomba akatupa fimbo, akajipangusa jasho, akatoka akitabasamu kumpokea mteja, akakuta njia tupu. "Amepita, papa. Nilifikiri ni wetu," Echa akasema bila aibu. Alifanya hivyo mara nyingi sana, na nadhani mjomba alijua, ila tamaa ya kliyan ilimshinda.

Sasa nifike kwenye kitambaa. Kanisa letu lilikuwa linajiandaa kwa sikukuu, na kwaya ilikuwa imeleta kutoka Lilongwe satini nyeupe kwa ajili ya kanzu za waimbaji wote. Mjomba alipewa kazi hiyo kwa heshima, na kwa wiki nzima hakuzungumza kitu kingine. Alikiweka juu ya meza kimekunjwa, kimefunikwa shuka, akanionya nisikipumulie. Siku moja ya Jumamosi yeye alikwenda kwenye kikao cha wazee, Mama Estela alikwenda kusaga, na Echa akaondoka wa mwisho, asubuhi ile ile, na begi la nguo za shule kwenda kuziuza sokoni Mitundu. Tulibaki sisi wawili. Nilikuwa nanyoosha shati la mjomba kwa pasi ya mkaa, na Nabulizi akashuka kwenye kiti. "Riziki, na mi nipige pasi." Nikamkatalia. Akaniomba tena, na safari hii sauti ilikuwa ya mtoto, ile sauti ya kubembeleza ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikampa. Nilimpa kwa huruma, na pia kwa sababu nje wasichana walikuwa wanaruka kamba na nilitaka kuruka mara mbili tatu. Niliporudi alikuwa amesimama, mikono nyuma. Pasi ilikuwa nzito kwake, akaitua kwenye kitu cha karibu. Shuka lilikuwa limeungua, na chini yake satini ilikuwa imeyeyuka tabaka baada ya tabaka, shimo la umbo la pasi limekwenda mpaka mbao.

Nilikaa chini. Nakumbuka nilisema, "Leo ataniua," na sikuwa natia chumvi. Niliamini kwamba siku ile ningekufa. Nabulizi akasema kwa ile sauti yake ya bibi, "Hatakuua." Tukakikusanya kitambaa chote na shuka lake, tukakipeleka chooni, tukakisukumiza ndani kwa kijiti mpaka kikazama. Nikafuta meza. Mimi nilikuwa mkubwa kwa miaka mitatu, nilijua zaidi, na sikuuliza tutasema nini baadaye. Nilitaka tu kisionekane.

Mjomba alirudi na wanaume watatu wa kwaya waliotaka kupimwa. Akaona meza tupu. Hakuniuliza mimi. Mtoto haulizwi jambo kubwa, mtoto hupigwa mpaka aseme, na neno lililopatikana hivyo nalo halina uzito sana. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akachuchumaa, wale wanaume wamesimama nyuma yake na kofia zao mkononi. "Mama," akasema, "kitambaa ya kwaya iko wapi?" Nabulizi hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Echa alienda nayo. Mu begi." Akasema wazi, bila kugugumia, kama alivyosema kila asubuhi kwamba amelala vizuri. Na mjomba akainuka, akawageukia wale watu, akasema, "Mumesikia. Mama amesema." Mimi nilielewa papo hapo. Nabulizi alikuwa anachagua amwokoe nani kati ya Echa na mimi, na amenichagua mimi. Alidhani mtu mzima hapigwi. Hajawahi kuona mtu mzima akipigwa, basi alidhani Echa ataulizwa, atakana, na mambo yatakwisha.

Echa alitokea saa tisa, begi limelegea tupu begani kwa sababu ameuza zote, anapiga mluzi. Begi tupu likawa ushahidi wa pili. Walimshika kabla hajapanda kibaraza. Mwimbaji mmoja, ambaye Jumapili iliyopita aliimba peke yake kuhusu rehema, alimpiga ngumi ya mdomo, na jino likatoka, nililiona kwenye vumbi. Wakamvuta mpaka kwenye meza. Echa alikuwa anasema, "Papa, kitambaa gani? Papa, unijulishe, kitambaa gani?" Majirani wakaja, na katika kambi neno mwizi halihitaji kurudiwa, kila aliyefika alileta mguu wake. Walimpiga mbavu, walimpiga kwa mkanda wa cherehani upande wenye chuma, damu ikaruka kwenye cherehani yake mwenyewe. Kisha mjomba akaingia jikoni akatoka na mchi wa kutwangia sombe. "Mukono ya mwizi," akasema. Wawili wakaubana mkono wa kulia wa Echa juu ya meza, pale pale tulipounguza kitambaa. Mjomba akautua mchi mara moja. Sauti niliyoisikia sitaieleza. Akainua tena.

Nilipiga kelele, na neno lililonitoka lilikuwa la kijinga: "Kliyan amefika! Papa, kliyan amefika!" Hakuna aliyegeuka. Mchi ukashuka mara ya pili. Hapo ndipo nikasema kweli, nikaisema kwa nguvu zangu zote, kwamba kitambaa kiko chooni, kwamba Nabulizi alikiunguza, kwamba Echa hajui chochote. Shemasi aliyekuwa karibu alinizaba kofi nikaona giza. "Mutoto gani huyu, anatukana bakubwa!" Na mjomba akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa ameshtuka kweli, ameumia kweli. "Unasema mama yangu ni muongo?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilimjibu ndiyo. Akanijia na mchi. Nilijikunja nikaweka mikono kichwani, na pigo halikufika kwangu. Nabulizi alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti, ameingia katikati. Mchi ulimpata juu ya jicho. Alianguka chali, kitenge kimefunguka, na damu ikamfunika uso wote mara moja.

Waliokuwa wamembana Echa walimwachia. Mjomba alitupa mchi, akapiga magoti, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto, "Mama, samaha. Mama, samaha," huku anaiangalia mikono yake kama anaingoja ikauke. Nabulizi aliinuka akakaa, jicho moja limefungwa na damu, akasema, "Njo mi. Niliiunguza. Iko mu choo." Mtu mmoja akaenda na kijiti kirefu, akarudi nacho kimebeba pembe ya satini inayochuruzika. Waimbaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Aliyembeba Echa mpaka barabarani ni Mmalawi mwendesha kabaza, teksi ya baiskeli, aliyekuwa akipita tu. Alimfunga mgongoni kwake kwa shati asianguke, akasema, "Pepani, achimwene," pole ndugu, na ndiye mtu pekee siku ile aliyesema pole. Mkono ulifungwa hospitalini Lilongwe, lakini vidole havikurudi. Baadaye Echa alifanya kazi Kanengo, kusukuma marobota ya tumbaku kwa bega. Sindano hakushika tena.

Wazee walikaa wiki mbili kuhusu jambo hili, na kikao kilikuwa kwetu, kwa hiyo nilikisikia chote kupitia pazia. Walizungumza juu ya mwana aliyempiga mama yake. Watamsafishaje, kuku wa rangi gani, maombi yatangulie au unga wa tambiko utangulie. Mama Estela alipitisha chai akauliza kama mkono wa Echa utazungumzwa, akaambiwa apeleke sukari. Mwishoni mzee mmoja akasema mkono wa yule kijana ulivunjwa na neno lililotoka kinywani mwa mama. Basi mama mwenyewe aende kuomba samaha. Wote wakaona ni hekima. Mjomba akashukuru. Nilimsikia kabisa akipumua, ametuliwa mzigo.

Wakamvalisha Nabulizi vitenge viwili na kilemba, nyuzi za hospitali bado ziko juu ya jicho, tukaenda Lilongwe: yeye, mjomba, na mimi wa kubeba kuku. Echa alikuwa amepewa chumba Area 25 na mwanamke mmoja wa kanisa. Kilikuwa chumba kidogo, ndoo, mkeka, sahani ya nsima, ugali wa huko, iliyoliwa nusu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekonda. Mkono wa kulia, mweupe wa plasta, ulikuwa juu ya goti. Mjomba alibaki wima mlangoni, akamsukuma Nabulizi mbele. Nabulizi akasema maneno aliyofundishwa, kwamba yeye mama wa Wilondja, mwenye nyumba, alikosea kwa kinywa chake, na anamwomba mwanawe Echa aache moyo wake upoe. Hakukosea hata neno moja. Echa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mama," mjomba akasema. "Unamujua."

"Mi naona mutoto." Echa hakupandisha sauti. "Mutoto aliogopa fimbo, akadanganya, akasema bongo. Batoto bote banafanya vile. Mutoto hana kosa na mi." Akauinua ule mkono taratibu, akamwonyesha. "We njo ulishika mchi, papa. We mukubwa. Uingie, ukae chini, uniombe weye."

Mjomba hakusogea. Aliangalia kuku niliyembeba, akaangalia kilemba cha Nabulizi. Sijui kama aliingia baadaye, wala alisema nini, kwani Echa alitugeukia sisi wawili akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya kibarazani, "Batoto, mwende inje mucheze. Hii ni mambo ya bakubwa." Nikamweka kuku chini. Nikamshika Nabulizi mkono, tukatoka. Uani wasichana wa Kimalawi walikuwa wamechora phada kwenye udongo, ule mchezo wa kuruka vyumba kwa mguu mmoja, na mmoja wao akatupungia, "Bwerani!" Nikamwambia Nabulizi anatuita. Alisimama pale na vitenge vyake viwili, anaangalia vile vyumba vya udongo. Nilidhani anaogopa kuchekwa.

"Riziki," akasema, "nikianguka, ni nani atapigwa?"

"Utapigwa weye," nikamwambia. Nilisema kwa furaha, Mungu anisamehe. Na Nabulizi akacheka kwa sauti, akavua viatu, akaruka.